Kama mitambo ya kuvuruga mawimbi ipo, mbona droni bado zinafika?

Msomaji wetu wa Mombasa anauliza: "Mtaalamu, kila siku tunaletewa video za vita vya Ukraine. Droni ndogo inamfuata mwanajeshi mpaka mlangoni, au inaingia kwenye gari la kivita lililojaa antena juu. Tunaambiwa majeshi haya yote mawili yana mitambo ya kuvuruga mawimbi. Kwa nini basi wasiiwashe usiku na mchana, wazime droni, GPS na redio zote za adui, vita viishe?"

Ndugu msomaji, mitambo hiyo inawashwa, tena inafanya kazi kubwa kuliko unavyoona kwenye simu. Video inayokufikia ni ya droni iliyofika. Ile iliyoangukia shambani njiani haina video ya kumtambia mtu. Mei 2023 watafiti wa taasisi ya RUSI ya London walikadiria kwamba Ukraine inapoteza droni 10,000 hivi kwa mwezi, na uvurugaji wa mawimbi ulikuwa sababu kubwa. Ripoti hiyohiyo ilisema Warusi wameweka mtambo mmoja mkubwa kwa kila kilomita 10 hivi za mstari wa mbele. Kwa hiyo si kwamba watu wamelala. Ila swali lako lina neno moja gumu, nalo ni "zote". Hapo ndipo fizikia inapokataa.

Tuanze na jambo ambalo wengi wanalielewa kinyume. Mtambo wa kuvuruga mawimbi hauzimi transmita ya adui. Unaziba sikio la kipokeaji chake. Ukikaa harusini chini ya spika, jirani yako akakunong'oneza neno, hulisikii. Mdomo wake ni mzima na sauti yake imetoka, ila sikio lako limejaa taarabu. Mtu mwingine akikunong'oneza nyuma ya nyumba, mbali na spika, mnaelewana vizuri tu, na spika ni zilezile. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kuhusu mtambo wowote ni hili: sikio ninalotaka kuliziba liko wapi, na mimi niko karibu nalo kiasi gani kuliko yule anayezungumza nalo?

Droni ya kushambulia inayoongozwa kwa miwani ya video ina masikio mawili, na yako sehemu mbili tofauti. Moja liko kwenye droni yenyewe, linapokea amri za rimoti. Njia hiyo kwa kawaida ilianzia kwenye megahezi 868 au 915, au gigahezi 2.4. La pili liko kwa rubani, kilomita kadhaa nyuma, kwenye antena iliyounganishwa na miwani yake, na ndilo linalopokea picha. Picha hiyo kwa droni nyingi za bei nafuu ni video ya analogi ya gigahezi 5.8. Vita vilivyokwenda, pande zote mbili zilihamahama kwenda masafa mengine ya redio, lakini mpangilio wa masikio mawili haukubadilika.

Sasa chukua gari lenye mtambo juu ya paa. Droni inapolikaribia, mtambo uko mita mia chache kutoka kwenye sikio la droni, na rubani yuko kilomita nyingi. Mtambo una nafasi nzuri ya kuzima amri za rimoti. Lakini sikio la picha liko kule nyuma, labda nyuma ya kilima, na mtambo wa kwenye gari hauliathiri kwa chochote. Ndiyo maana kwenye video nyingi unaona picha safi mpaka sekunde ya mwisho ingawa gari lina mtambo unaofanya kazi. Ukitaka kuikata picha, lazima mtambo wako uione antena ya rubani: uwe kwenye mnara, juu ya kilima, au angani. Na ukiona picha inaanza chenga droni ikishuka chini, usikimbilie kusema imevurugwa. Mara nyingi imejificha tu nyuma ya miti au mwinuko wa ardhi.

Kuhusu hilo la kujificha kuna hesabu rahisi. Umbali wa upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Antena ya rubani ikiwa mita 4 juu na droni mita 100, unapata 4.12 × (2 + 10), yaani kilomita 49. Droni ikishuka mita 1 juu ya ardhi, unapata 4.12 × (2 + 1), kilomita 12 na kidogo, tena hapo ni kwenye tambarare isiyo na mti hata mmoja. Kwenye uwanja halisi wa vita ni pungufu sana. Ndiyo sababu marubani wanarusha droni nyingine juu, yenye kazi ya kupokezana mawimbi tu, ili ile ya kushambulia iweze kushuka bila kupotea.

Nguvu ya mtambo nayo inadanganya watu. Unasikia "wati 30" dhidi ya rimoti ya wati 1, unasema mchezo umekwisha. Tufanye hesabu ya mfano. Rubani yuko kilomita 6 kutoka kwenye gari, anarusha wati 1. Gari lina mtambo wa wati 30. Mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo ukilinganisha wati tupu, mtambo unamshinda rubani droni ikiwa bado kilomita 5 kutoka kwenye gari, yaani karibu tu na rubani mwenyewe. Ingekuwa hivyo kweli, hakuna droni ambayo ingefika popote.

Lakini mtambo haujui rubani yuko masafa gani. Rimoti za kisasa hurukaruka masafa mara nyingi kwa sekunde, kwa mpangilio unaojulikana na rimoti na droni yake tu. Mtambo unalazimika kumwaga kelele kwenye eneo lote analoweza kuwa. Tuseme eneo hilo ni megahezi 100, na sikio la droni kwa wakati mmoja linasikiliza nusu megahezi tu. Basi kati ya wati 30 zako, zinazoingia sikioni ni sehemu moja ya 200: wati 0.15. Ongeza kwamba mfumo wa rimoti umeundwa kuelewa ujumbe hata kelele ikiwa kubwa mara 10 hivi kuliko ujumbe wenyewe. Nguvu yako yenye maana sasa ni wati 0.015. Rudia hesabu: kilomita 6 mara kipeuo cha pili cha 0.015 ni mita 730 hivi. Rubani akiwa na antena ya mwelekeo inayomwongezea nguvu mara 10 upande wako, unabaki na mita 230.

Droni inayokuja kwa kilomita 100 kwa saa inamaliza mita 230 kwa sekunde 8. Hapo tayari rubani ameshalenga, droni ina mwendo wake, na hata ukimkata mawasiliano sekunde 2 kabla ya kugonga, kitu chenye uzito na mwendo huo hakisimami hewani kikakusubiri. Kama gari linasonga na droni ilikuwa bado mbali, itaanguka pembeni. Kama gari limesimama, huenda ikaangukia palepale ilipokuwa inaelekea. Ndiyo maana umbali ambao mtambo unamshika rubani una thamani kuliko idadi ya wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Njia ya kuongeza umbali huo bila kuongeza wati ni kusikiliza kwanza. Mtambo wenye kipokeaji unagundua masafa ambayo droni iliyopo inayatumia, kisha unaelekeza nguvu zote pale. Badala ya kumwaga ndoo ya maji uwanjani, unamwagilia shina moja. Kazi ni kufuatilia mruko: ujumbe mmoja unachukua sehemu ya elfu moja ya sekunde au chache zaidi, na mtambo lazima usikie, uamue na urushe kabla ujumbe haujaisha. Mtambo unaozungusha kelele polepole kutoka upande mmoja wa masafa hadi mwingine una tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Kila sehemu ya masafa inapigwa kwa kitambo kidogo, kisha inaachwa, na droni inapokea amri katika nafasi iliyoachwa. Rubani anaona droni inasitasita kidogo, haianguki.

Kuna kasoro moja ya antena ambayo imegharimu maisha. Antena ya fimbo iliyosimama wima haisambazi mawimbi sawasawa pande zote. Umbo lake ni kama tyubu ya tairi iliyolazwa, nayo fimbo imepita kwenye tundu la katikati: mawimbi ni mengi pembeni, na juu kabisa ya ncha kuna tundu tupu. Rubani anayejua hilo hapiti pembeni. Anapanda juu ya gari, anapiga mbizi wima, na droni yake inashuka ndani ya tundu ambamo karibu hakuna kelele. Tiba ni kuweka antena nyingine za umbo tofauti zinazotazama juu, au kuinamisha baadhi ya fimbo. Fundi anayepanga antena zote wima kwa sababu zinapendeza ameacha paa wazi.

Mambo mengine yanayoharibika ni ya kawaida kabisa, na ndiyo yanayoua zaidi. Vipaza nguvu vya redio vinapoteza umeme mwingi kwa joto. Mtambo wenye mikondo 8 ya kurusha kelele, kila mmoja wa wati 30, unatoa wati 240 hewani, lakini unakula kama wati 700 kutoka kwenye betri. Betri mbili za gari za volti 12 na ampea-saa 100, zikiwa zimejaa, zina wati-saa 2,400. Hiyo ni saa tatu na nusu hata kama ungezikausha kabisa, jambo linaloziua betri. Kwa hiyo wanajeshi huzima mtambo kuokoa chaji, wakitegemea kuuwasha wakisikia mlio wa droni, na mlio ukisikika zimebaki sekunde. Antena ikivunjika au kiunganishi kikilegea, nguvu inarudi nyuma na kuunguza kipaza, huku taa ya kijani kwenye boksi ikiendelea kuwaka. Askari anaamini analindwa, na hakuna kinachotoka. Mtambo usiopimwa kwa kipimo cha mawimbi kila kabla ya safari usihesabiwe kuwa upo.

GPS ni habari tofauti, na hapo mvurugaji ana raha kubwa. Setilaiti ziko kilomita 20,200 juu, zinarusha makumi machache tu ya wati. Mawimbi yakifika chini, kwenye masafa ya kiraia ya megahezi 1575.42, antena inapokea kiasi sawa na wati 1 iliyogawanywa kwa trilioni 7,000. Ni mnong'ono wa mtu aliye ng'ambo ya bahari. Simu yako inausikia kwa sababu inajua mpangilio wa msimbo wa kila setilaiti na inaulinganisha, na ujanja huo unaupa ujumbe faida ya mara 20,000 hivi. Bado ni dhaifu. Transmita ya wati 1 tu, ikionana uso kwa uso na kipokeaji cha kawaida, inaweza kukizuia kuzipata setilaiti kwa makumi ya kilomita. Linganisha na zile mita 230 za rimoti uone tofauti.

Tena kuna njia mbili za kuishambulia GPS, na dalili zake hazifanani. Ya kwanza ni kelele: kipokeaji kinasema hakuna setilaiti. Angalau kinasema ukweli. Ya pili ni ulaghai: mtambo unarusha mawimbi yanayofanana na ya setilaiti, yenye nguvu kidogo zaidi, na kipokeaji kinayafuata kikiwa na uhakika kamili wa mahali ambapo hakipo. Mwaka 2016 watu waliokuwa karibu na Kremlin, Moscow, waliona simu zao zinawaonyesha wako uwanja wa ndege wa Vnukovo. Mwaka 2024 watu wengi Israeli walioneshwa wako uwanja wa ndege wa Beirut. Kuchagua uwanja wa ndege kuna mantiki: droni nyingi za kibiashara zimewekewa programu ya kukataa kuruka karibu na viwanja vya ndege, kwa hiyo ukizidanganya kwamba ziko uwanjani, zinatua au zinagoma zenyewe.

Kinga ya kwanza ya silaha dhidi ya hayo ni antena yenye vipande vingi. Vipande vinne vikipokea pamoja, kompyuta ndogo inalinganisha tofauti za muda kati yao, inajua kelele inatoka upande gani, na inaufumba upande huo. Kanuni ni kwamba vipande vikiwa N, unaweza kufumba pande N kutoa 1. Vinne vinafumba pande tatu, na mtambo wa nne ukiwashwa upande mwingine unapita. Warusi wamefunga antena za namna hiyo, ziitwazo Kometa, kwenye droni za masafa marefu za aina ya Shahed, na idadi ya vipande imekuwa ikipanda kutoka 4 hadi 8 na 16, kila Waukraine walipoongeza mitambo chini. Waukraine walitegemea zaidi ulaghai, na mwaka 2024 Shahed kadhaa ziliacha njia, nyingine zikaishia anga la Belarus.

Kinga ya pili ni vihisi vya ndani vinavyopima mwendo bila kusikiliza mtu yeyote wa nje. Havivurugiki kwa redio. Ubaya wake ni kwamba kosa dogo linakua kwa kipeo cha pili cha muda. Kihisi chenye kosa la sehemu moja ya elfu ya mvuto wa dunia kinakupotosha mita 4.4 baada ya sekunde 30, mita 18 hivi baada ya dakika 1, na mita 440 baada ya dakika 5. Hapo unaelewa kwa nini silaha zinatofautiana. Bomu la JDAM, linaloongozwa kwa GPS, linaachiwa na ndege ambayo tayari imelipa mahali sahihi pa kuanzia, na linaruka kwa muda mfupi. Jeshi la Anga la Marekani linasema bomu hilo likikosa GPS bado linaangukia ndani ya mita 30 kwa safari isiyozidi sekunde 100, badala ya mita 5. Shahed inaruka kwa saa nyingi, kwa hiyo bila msaada wa nje inaweza kukosa mji mzima.

Kombora la mzinga la Excalibur la milimita 155 liko pabaya zaidi, ingawa safari yake ni fupi. Linatoka mtutuni kwa mshtuko mkubwa mno, vihisi vyake vimejengwa kwa kuustahimili mshtuko huo kwanza, na likishatoka linapaswa kuzitafuta setilaiti hewani, hali kuzitafuta ni kugumu kuliko kuendelea kuzishika. Ushahidi uliotolewa mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2024 ulisema mafanikio ya Excalibur nchini Ukraine yalishuka kutoka asilimia 70 hadi 6 ndani ya wiki 6. Silaha ile ni ya gharama kubwa na ilikuwa imesifiwa miaka mingi. Wiki sita.

Rada nigusie kwa ufupi kwa sababu hesabu yake ni ya kuvutia. Mawimbi ya rada yanakwenda na kurudi, kwa hiyo mwangwi unapungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Kelele ya ndege inayovuruga inasafiri njia moja tu, inapungua kwa kipeo cha pili. Mbali, ndege inaifunika rada kirahisi. Ikikaribia nusu ya umbali, faida yake inashuka mara nne, na ikifika mahali fulani mwangwi wake mwenyewe unaizidi kelele yake na rada inamwona. Rubani wa ndege ya kuvuruga lazima aujue umbali huo kabla ya kuruka. Si lazima kila kitu kiwe cha umeme pia: usiku wa kuamkia 25 Julai 1943, Waingereza walipoishambulia Hamburg, walimwaga angani vipande vya karatasi ya madini vya sentimita 27 kwa 2. Sentimita 27 ni nusu ya urefu wa wimbi la rada za Würzburg za Wajerumani, kwa hiyo kila kipande kiling'aa kwenye rada. Kati ya ndege 791 walipoteza 12 tu.

Sasa turudi kwenye "usiku na mchana". Mtambo unaorusha kelele ni taa iliyowashwa kwenye giza. Adui akiwa na vipokeaji viwili vya kupima mwelekeo sehemu mbili tofauti, anachora mistari miwili kwenye ramani na inapokutana ndipo ulipo. Kosa la nyuzi 2 kwa umbali wa kilomita 10 ni mita 350 tu, na akiongeza kipokeaji cha tatu na droni ya kwenda kuangalia, amekupata. Makombora kama AGM-88 HARM ya Marekani, ambayo Ukraine ilianza kuyatumia mwaka 2022, yametengenezwa kufuata mawimbi yenyewe mpaka kwenye antena. Mtambo mkubwa wa lori uliowashwa mfululizo mahali pamoja hauzeeki. Walio hai hurusha kwa vipindi, huhama, na huweka antena mbali na watu kwa waya mrefu.

Halafu kuna masikio yako mwenyewe. Kelele haina uraia. Ukizima gigahezi 2.4 yote, umezima na droni zako za upelelezi. Ukizima GPS, mizinga yako inayotegemea GPS inapotea pamoja na ya adui. Jeshi lenye nidhamu huwa na orodha ya masafa yasiyoguswa kamwe, orodha ya masafa ya adui ambayo ni bora kuyasikiliza kuliko kuyazima, na ratiba ya nani anawasha nini na kwa dakika ngapi. Kikosi kinachonunua mtambo wake na kuuwasha bila kumwambia jirani kinaangusha droni za jirani. Hili la kupigana wenyewe kwa wenyewe hewani ni moja ya sababu kubwa zinazofanya "zima zote" kuwa amri isiyotekelezeka. Na wakati mwingine kumwacha adui azungumze kuna faida zaidi: redio inayosikika inakuambia yuko wapi na ni wangapi. Ukiiziba, umejiziba na wewe.

Raia nao wako kwenye masafa hayohayo. Aprili 2024 shirika la Finnair lilisitisha safari zake za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima, kwa sababu njia ya kutua pale ilitegemea GPS iliyokuwa ikivurugwa. Kivu Kaskazini, Umoja wa Mataifa uliripoti mwaka 2024 kwamba GPS ilikuwa ikivurugwa na kulaghaiwa katika eneo la vita, hali iliyohatarisha ndege, zikiwemo zinazobeba misaada. Mei 2025 meli ya makontena ya MSC Antonia ilipanda mwamba karibu na Jeddah, Bahari ya Shamu, na wachambuzi wa usafiri wa baharini waliihusisha ajali hiyo na GPS iliyochezewa. Mwezi uliofuata mamia ya meli kwenye Ghuba na Mlango-Bahari wa Hormuz zilionekana kwenye ramani zikiwa nchi kavu. Wewe uko Mombasa na meli hizo ndizo zinazokuja Kilindini, kwa hiyo nilisema hili kwa makusudi: nahodha akiona mahali pake pameruka maili kadhaa kwa sekunde, au meli inazunguka duara kamili kwenye skrini huku dira imetulia, aamini dira, rada na kipima kina, na aiondoe GPS kwenye usukani wa kujiendesha mara moja.

Kuna sababu ya mwisho ya droni kufika, na ni ile ambayo mtambo wowote wa kuvuruga hauna jibu lake. Tangu 2024, hasa kwenye mapigano ya Kursk, Urusi, Warusi walianza kutumia kwa wingi droni zinazovuta uzi wa faiba, uleule wa kioo unaoleta intaneti nyumbani, ila ukiwa umevuliwa magamba yote mpaka unabaki mwembamba kama uzi wa kuvulia samaki. Bobini iko tumboni mwa droni, uzi unaachwa nyuma ikiruka, amri zinakwenda na picha inarudi ndani ya kioo. Hakuna sikio la redio la kuziba. Picha haina chenga hata droni ikishuka ndani ya handaki au ikikaa chini kando ya barabara kungoja gari.

Droni hizo zina udhaifu wake, nao ni wa kimwili. Bobini ya kilomita 10 ina uzito wa kilo moja au zaidi, na uzito huo unakatwa kwenye baruti au kwenye muda wa betri. Rubani hawezi kugeuka ghafla wala kurudi alikotoka, kwa sababu uzi utaingia kwenye panga za droni. Upepo, nguzo, na nyuzi za droni zilizotangulia zinaukwamisha. Asubuhi jua likiwa chini, mashamba ya mstari wa mbele yanaonekana yanang'aa kama yamefumwa na buibui, na askari makini anaufuata uzi kwa macho mpaka kwenye kichaka alikojificha rubani. Upande wa pili zipo droni zinazofunga shabaha kwa kamera mita mia chache za mwisho, kisha hazihitaji rimoti tena. Hizo nazo ukizipigia kelele dakika hiyo umechelewa.

Kwa hiyo leo gari linaloendeshwa kwenye barabara za mbele lina mtambo wa kuvuruga juu ya paa, lina kizimba cha chuma kulizunguka, askari mmoja nyuma ana bunduki ya marisau mkononi, na sehemu nyingine barabara yenyewe imefunikwa kwa nyavu, baadhi zikiwa nyavu kuukuu za wavuvi zilizotolewa kama msaada kutoka Ulaya, zimefungwa kwenye nguzo kushoto na kulia kwa kilomita nyingi.